Bangili, kidani cha tanzanite na saa mbili za mirathi: zithaminiweje bila kupigwa?

mwanapangani

Wakuu, habari za jioni. Kuna vitu vya mirathi vya kugawiwa warithi watano, na wote wamekubaliana vithaminiwe kwanza na mtu asiye na upande. Orodha ni hii:

- bangili sita za dhahabu, mbili zimegongwa 916, nne hazina muhuri. Kwa mizani ya jikoni zote pamoja zinakaribia gramu 94
- mkufu wenye pauni mbili za Kiingereza (sarafu za dhahabu), ya 1912 na ya 1966
- kidani chenye kijiwe cha tanzanite na vijiwe vyeupe pembeni, dhahabu nyeupe
- saa mbili za mkono: Seiko 5 yenye 7009 mgongoni, na Omega ya rangi ya dhahabu, ile ya kutia ufunguo

Masonara wawili wametaja bei zilizopishana sana kwa bangili zilezile. Mmoja kasema tanzanite hiyo "haina bei", ila yuko tayari kuichukua. Fundi saa naye anataka aipige polishi Omega ndipo aseme thamani yake. Nani hasa anayetakiwa kuthamini, anapima nini, na hati yake iandikweje ili warithi wasirudi kugombana?

hesabu_na_hati

Ndugu, kabla ya kumtafuta mtu, amueni mnataka thamani ya nini. Bangili moja ina thamani tatu za halali kwa siku moja. Ya kwanza ni bei ya kuvunja: dhahabu iliyomo kwa bei ya siku, kasoro makato ya mnunuzi. Ya pili ni bei ya soko, yaani muuzaji na mnunuzi wanaojua bidhaa, hakuna aliyebanwa. Ya tatu ni gharama ya kununua nyingine kama hiyo dukani, ikiwa na ujira wa sonara, kodi na faida ya duka. Hiyo ya tatu ndiyo ya bima, na ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa mirathi tumieni ya pili. Mrithi akipewa bangili kwa bei ya bima ameonewa, kwa sababu akienda kuuza hatapata hata ule ujira.

Nadhani masonara wako wawili hawakudanganya wala nini. Mmoja katoa bei ya kuvunja, mwingine bei ya kabati lake.

Mthamini asiwe mnunuzi. Hili halina mjadala. Anayesema kitu "hakina bei" halafu anataka kukichukua, mshukuru uondoke. Malipo yake yawe kwa kipande au kwa saa za kazi, kiasi kinachojulikana kabla hajaanza. Anayedai asilimia ya thamani mkatae, maana kila anapopandisha namba anajipandishia mshahara. Vyama vya wathamini duniani vinakataza malipo ya namna hiyo.

Hati isiyotaja mambo haya ni karatasi tu: aina ya thamani, tarehe ya thamani na bei ya dhahabu iliyotumika siku hiyo, uzito wa kila kipande hadi gramu 0.01, karati na njia iliyotumika kuipima, vipimo vya kila kijiwe kwa milimita, namba za saa, picha, na jina na sahihi ya mthamini pamoja na tamko kwamba hana maslahi kwenye mali hiyo. Kama kijiwe kilipimwa kikiwa ndani ya kidani, hati iseme wazi kwamba uzito wake ni makadirio.

Cheti cha maabara ni kitu kingine. GIA, taasisi ya vito ya Marekani, kwa mfano, inaeleza jiwe ni nini na lina sifa gani. Bei haiandiki kabisa. Ukiletewa "cheti cha GIA" chenye dola juu yake, hicho kimetoka mahali pengine.

jiwe_la_sonara

Niongeze upande wa dhahabu, ndiko fedha nyingi iliko.

Mizani ya jikoni weka pembeni. Inahitajika mizani ya kusoma 0.01 na yenye stika ya ukaguzi, kwa Tanzania ni ya Wakala wa Vipimo. Mwombe aweke kwanza jiwe la uzani linalojulikana, la gramu 50 au 100, uone inasoma nini. Pauni yako nzima isiyochakaa ina gramu 7.988; ukiitoa kwenye fremu inakuwa kipimo kizuri tu cha kuangalizia mizani.

Karati ni sehemu kwa 24: 22 ni 916, 21 ni 875, 18 ni 750, 14 ni 585, 9 ni 375. Dhahabu ya Ghuba mara nyingi ni 21 au 22. Muhuri wa 916 unakuambia aliyegonga alidai nini, basi. Za India za karibuni zina alama ya pembetatu ya BIS, shirika la viwango la India, na msimbo wa herufi na namba sita unaoweza kuhakikiwa. Za zamani hazina, na kukosa muhuri si ushahidi wa ubaya. Sonara wa mtaani aliyetengeneza kwa oda mara nyingi hakugonga chochote.

Sasa hesabu, ili uone kwa nini karati moja inagombanisha watu. Tuseme mizani nzuri imesoma gramu 94.20. Zikiwa 22 kweli: 94.20 × 0.916 = gramu 86.29 za dhahabu safi. Zikiwa 21: 94.20 × 0.875 = 82.43. Chukua shilingi 300,000 kwa gramu safi kama namba ya mfano tu. Tofauti inapita milioni moja na laki moja, na bangili ni zilezile. (Kwa wanaojali zaka, angalia nisabu ya gramu 85 safi imekaa katikati ya namba hizo mbili. Kwa Shafii pambo la halali la kuvaa lina kauli yake, kwa Hanafi lina nyingine. Hilo la shehe wako.)

Namna ya kupima karati:

Jiwe na tindikali. Sonara anasugua bangili kwenye jiwe jeusi, pembeni anasugua sindano ya karati inayojulikana, anadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili na kulinganisha inavyofifia. Kwa jicho zuri anatenganisha 18 na 22. Kati ya 21 na 22 ni ubishi. Na akisugua juujuu tu, kitu cha kuchovya kitapita, kwa hiyo mwambie asugue sehemu ambayo imekwisha kulika.

Mashine ya eksirei. Ndiyo nzuri kwa warithi: haiharibu kitu na inatoa karatasi yenye asilimia ya kila metali. Lakini inaona ngozi tu, mikroni chache. Bangili iliyochemshwa kwenye tindikali wakati wa kusafishwa hupoteza shaba ya juu, basi ngozi inasoma 92 wakati ndani ni 90. Dai isomwe sehemu tatu: mwilini, upande wa ndani uliolika, na kwenye kiungo. Kwenye kiungo itashuka, na ikionekana kadimiamu hapo ni risasi ya kuungia ya zamani, usishtuke. Ukiona iridiamu au rutheniamu mwilini, shtuka: huo ni unga uliochanganywa kuongeza uzito. Hauyeyuki ndani ya dhahabu, unakaa kama chembe.

Maji. Hii unaweza kufanya nyumbani leo. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya 0.01, irudishe sifuri. Funga bangili zote sita kwa uzi mwembamba, zizamishe zote zikining'inia, zisiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma ujazo wake. Ikisoma 5.35, basi 94.20 ÷ 5.35 = 17.6, hiyo ndiyo densiti (uzito kwa ujazo), na dhahabu ya 22 inakaa kati ya 17.5 na 17.8. Shaba nyeupe au ya njano haifiki hata 9. Ukipima moja moja, bangili ya gramu 15.70 itasoma kama 0.89, na hapo kosa la 0.01 tu linakupeleka kutoka 17.4 hadi 17.8, kwa hiyo usitake kujua karati kwa bangili moja. Unatafuta feki tu. Kosa kubwa ni viputo vya hewa kwenye nakshi: vinaongeza ujazo na kuishusha namba. Tone la sabuni kwenye maji linasaidia.

Njia ya maji haifai kwa bangili tupu ndani au zilizojazwa lakiri. Bangili za Kihindi zenye nakshi za kuvimba mara nyingi zina lakiri ndani, na ukizipima zima unalipia nta kwa bei ya dhahabu. Gonga kwa ukucha: iliyojazwa inatoa sauti butu. Mthamini anakata makadirio ya lakiri na kuandika hivyo. Uhakika unapatikana kwa kuyeyusha tu.

Pauni mbili zina gramu 7.32 za dhahabu safi kila moja, pamoja 14.64. Za 1912 na 1966 zilitengenezwa nyingi, mwaka haupandishi sana. Kama zimeunganishwa kwa risasi kwenye fremu ya mkufu, thamani ya mkusanya sarafu imekwisha, inabaki ya dhahabu. Kama zimebanwa tu kwa kucha, zitoeni taratibu. Kuna pauni za kuiga zilizotengenezwa zamani Beirut kwa dhahabu halali ya 22, kwa hiyo uzito na kipenyo cha milimita 22.05 visikutoshe, herufi zilizojaa jaa na ukingo usio sawa ndivyo vinavyozifichua.

mwanapangani

Shukrani sana @jiwe_la_sonara. Nimejaribu maji: mizani 94.16, ujazo 5.41. Vipi kijiwe na saa?

jiwe_la_sonara

94.16 ÷ 5.41 = 17.4. Uko chini kidogo ya 22, juu ya 21. Ama viputo, ama nne zisizo na muhuri ni 21. Rudia mafungu mawili, zenye muhuri peke yake na zisizo nazo peke yake. Feki hakuna hapo.

rangi_tatu

Kuhusu tanzanite. Jiwe linatoka sehemu moja tu duniani, Mererani chini ya Kilimanjaro, tangu 1967, ndiyo maana kila anayelishika ana hadithi. Achana na hadithi, pima.

La kwanza, limulike huku ukiligeuza. Tanzanite inaonyesha rangi tofauti kwa pande tofauti: bluu, zambarau, na ya tatu ya kahawia au nyekundu-nyekundu ambayo kwa jiwe lililochomwa hufifia sana. Kifaa kidogo cha dikroskopu kinaonyesha rangi mbili kwa mpigo. Kioo cha kawaida kinaonyesha moja tu kila upande, na ndani yake mara nyingi kuna kiputo cha mviringo.

La pili, refraktometa, kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Tanzanite inasoma takriban 1.69 hadi 1.70. Forsteriti ya maabara, inayouzwa sana kama tanzanite, inasoma 1.63 hadi 1.67, na ukitazama kwa lenzi ya mara kumi kupitia juu ya jiwe, mistari ya pembe za chini inaonekana miwili miwili. Hiyo huhitaji mashine, unahitaji lenzi na mkono usiotetemeka.

Uzito: jiwe likiwa limepachikwa linakadiriwa. Kwa umbo la yai, chukua wastani wa urefu na upana, uzidishe kwa wenyewe, mara kina, mara densiti 3.35, mara 0.0020. Jiwe la 9 × 7 na kina 4.8: wastani 8, basi 64 × 4.8 × 3.35 × 0.0020 = karati 2.06. Kama kidani kimefungwa nyuma na kina hakipimiki, makadirio hayo ni ya kubahatisha na mthamini aandike hivyo. Msichanganye karati hii na ya dhahabu: hii ni uzito, gramu 0.2.

Rangi isiamuliwe chini ya balbu ya njano ya dukani. Chini ya balbu hiyo tanzanite inageuka zambarau zaidi. Mchana karibu na dirisha ndipo bluu inajionyesha. Karibu zote zimechomwa kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, hilo si kasoro na halipunguzi bei. Linalopunguza ni kupakwa: yapo mawe yaliyotiwa utando wa kobalti kukoza rangi, na kwenye pembe zilizokwaruzika utando unaonekana umebanduka.

Vijiwe vyeupe: kalamu ya kupima almasi kwa joto inadanganywa na moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, inapita nayo kama almasi. Inatakiwa kifaa kinachopima na umeme. Almasi ya maabara hakuna kalamu itakayoitenganisha, hiyo ni kazi ya maabara, na kwa vijiwe vya milimita mbili gharama haistahili. Ikiandikwa "almasi, asili haikuthibitishwa" inatosha.

Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, chini ya Wizara ya Madini, wanatambua vito. Pata utambulisho hapo, bei mpe mthamini. Na tafadhali, msikioshe kidani kwenye mashine ya mtikisiko wala mvuke. Tanzanite hupasuka kwa mtikisiko na kwa joto la ghafla. Maji vuguvugu, sabuni, mswaki laini.

Dhahabu nyeupe ikisoma rodiamu kwenye eksirei ni ule mchovyo wa kung'arisha, uko kwenye karibu kila pete nyeupe. Isomwe upande wa ndani uliolika.

fundi_balansi

Mkuu, huyo wa polishi mzuie leo leo. Kesi ya Omega ikipigwa polishi, kingo kali zinakuwa za mviringo, muhuri unafifia, na ndiyo vitu anavyoviangalia mnunuzi. Thamani huandikwa kwa saa jinsi ilivyo. Usiifanyie sevisi, usibadilishe kioo, kamba ya zamani iweke kwenye mfuko.

Omega kwanza: ni dhahabu au ni rangi? Soma nyuma ya kesi na kwenye masikio ya kushikia kamba. Ikiandikwa "20 microns", "plaqué", "rolled gold" au "gold filled", ni ya kuchovya, hata ikiwa nene. Ikiandikwa kwamba mgongo ni chuma cha pua, hasa kwa Kifaransa "fond acier inoxydable", kesi iliyobaki karibu kila mara ni ya kuchovya. Ni nadra kesi ya dhahabu kamili kufungwa kwa kifuniko cha chuma. Dhahabu kamili ya Uswisi ya karati 18 ina 750 au 0,750 na kichwa kidogo cha mwanamke, muhuri wa Helvetia. Kuanzia 1995 ni kichwa cha mbwa wa Saint Bernard.

Ikiwa ni dhahabu, usipime saa nzima ukazidisha kwa bei ya gramu. Mashine, kioo, uso na springi si dhahabu. Fundi atoe mashine, apime kesi tupu, arudishe. Na hata hapo uzito ni sakafu ya bei, juu yake kuna uso, mashine na namba.

Uso ndio nusu ya bei ya saa ya zamani. Uliopakwa rangi upya unajulikana: herufi nene, mstari mmoja wa dakika haukukaa sawa na alama yake, nembo imeinama. Kuna kipimo kizuri cha giza. Chini ya namba 6 ya uso ikiandikwa "T Swiss T" au "T<25", rangi ya kung'aa ni ya tritiamu. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3, kwa hiyo saa ya miaka ya 1970 leo inatakiwa iwe kiza. Ikiwaka vizuri baada ya kumulikwa, imepakwa upya.

Seiko ni rahisi. Mgongoni kuna namba kama 7009-xxxx: nne za mwanzo ni mashine, za pili ni kesi. Namba nyingine ya tarakimu sita ni ya mfuatano: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili mwezi, 1 hadi 9, kisha 0 Oktoba, N Novemba, D Desemba. 7D ni Desemba 1977 au 1987. Muongo unaujua kwa modeli. Tahadhari: Seiko 5 nyingi za aina hii sokoni zimepita mikono India, uso umepakwa rangi ya bluu kali au chungwa ambayo kiwanda hakikuitoa, mishale si yake. Hizo zinatembea vizuri lakini si za mkusanyaji. Ya kwenu ikiwa na uso wake halisi, hata wenye madoa, iandikwe hivyo.

Mashine ipimwe kwa kipimasauti cha saa, kifaa kinachosikiliza mlio wake. Omega itiwe ufunguo hadi mwisho, isomwe mikao mitano: uso juu, uso chini, kitufe juu, kushoto, chini. Hati iandike sekunde kwa siku na mzunguko wa balansi, gurudumu linaloyumba ndani ya mashine, kwa nyuzi. Ya Uswisi yenye afya ina 270 hadi 310. Chini ya 200 mafuta yamekauka, thamani ikatwe gharama ya sevisi. Seiko ya kawaida ikiwa 220 haina tatizo. Saa inayokimbia mbele dakika kadhaa kwa siku, shuku sumaku kwanza. Kuiondoa ni kazi ya sekunde chache.

Na mgongo ufunguliwe mbele ya mrithi mmoja, picha ya mashine ipigwe namba zikisomeka.

mwanapangani

Nimetazama sasa hivi Omega. Kwenye sikio la ndani pameandikwa 20 MICRONS. Basi nimeelewa. Swali la mwisho: vitu vitalala kwa mthamini siku mbili. Nakabidhije?

hesabu_na_hati

Visilale kama inawezekana. Bangili na pauni ni kazi ya saa moja ukiwa umekaa hapo. Kidani na saa vikibaki, dai risiti inayosema zaidi ya "kidani kimoja". Iandike uzito wa jumla na picha ikiwa juu ya mizani inayosomeka, vipimo vya kijiwe cha katikati, doa lolote lililoonekana kwa lenzi na liko upande gani, mwanzo na mwisho wa namba za kila saa. Warithi wawili wasaini. Siku ya kuchukua, kitu kirudi kwenye mizani kabla hujalipa. Kisha hesabu vijiwe vyeupe: vikiwa kumi na viwili kwenye risiti, viwe kumi na viwili mkononi.